Jumanne ya Klaudia

Alistidia alikunjua karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akasoma zamu za kumlisha Ma Penina, kikongwe asiyeinuka kitandani, kwa sauti ile ile anayosomea somo la kwanza kanisani. Jumatatu, nyumba ya Mujuni. Jumanne, nyumba ya Alistidia mwenyewe. Jumatano, nyumba ya Dativa. Akaenda hivyo mpaka Jumapili, akafunika kalamu yake.

Klaudia alisubiri. Miaka minne Jumanne ilikuwa yake, na kila mtu pale sebuleni alijua.

"Mwenyekiti, umeniruka," alisema.

"Sijakuruka, Klaudia. Uko ukurasa wa pili."

Ukurasa wa pili ulikuwa wa wahitaji. Alistidia aliusoma kwa sauti ya chini kidogo, ya huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyouma. Familia ya Kahangwa, unga wa mahindi mfuko mmoja wa kilo ishirini na tano. Utatolewa kigangoni Jumapili ya wiki ijayo, baada ya matangazo, na familia itasimama mbele kutoa neno la shukrani. Watu wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, wote kumi na wawili, walianza kutazama vidole vyao vya miguu.

"Nani aliwaambia mimi ni mhitaji?"

"Jamani, macho tunayo. Kibanja chenu hakina mgomba hata mmoja."

"Mgomba sina. Mikono ninayo."

"Na Ma Penina hali," Alistidia alisema. "Jumanne mbili umempelekea ugali, Jumanne mbili amelala na njaa. Jumatano Dativa anaikuta sahani vilevile, nzi juu. Yule ni mtu wa ndizi, mtu wa ebitoke tangu aachishwe ziwa. Sasa tumuue kwa ajili ya zamu yako?"

Mtu mmoja nyuma alicheka puani. "Ugali wa Kimwani huo," alisema, na wengine wakaangua kicheko kidogo, kwa kuwa Klaudia alizaliwa Kimwani, kwenye mahindi na mpunga, na miaka kumi na tisa ya ndoa huku Buganguzi haikuwa imetosha kulifuta hilo. Huku mtu anaweza kushiba ugali mpaka akalegeza mkanda, bado ukimuuliza atakwambia kwamba tangu asubuhi hajala. Chakula ni ndizi. Vingine vyote ni vya kusogezea siku.

"Kupokea nako ni utumishi, Klaudia," Alistidia aliongeza. "Ni unyenyekevu. Pumzika, mwenzetu, na umshukuru Mungu kwamba una jumuiya."

Tusimwonee Alistidia. Huyu ndiye aliyewahi kuuza mbuzi wake ili mgonjwa wa nyumba nyingine afike Bukoba hospitali. Ila alikuwa na kasoro ya watu ambao maisha yao yote wamekuwa upande wa kutoa: hakuweza kufikiria kwamba mtu asiye na kitu mkononi anaweza kuwa na kitu cha kumpa mwenzake.

Klaudia alisimama kabla ya sala ya kufunga, jambo ambalo halifanywi, akatoka.

*

Kahangwa, mumewe, alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anatazama visiki vya migomba. Kazi yake ilikuwa hiyo tangu Aprili. Mnyauko ulianza na migomba miwili ya bondeni, majani yakawa njano, ndizi zikaiva ndani kabla ya wakati na kutoa usaha. Bwana shamba alipokuja, alisema fyeka yote, choma, usipande mpaka nikuambie. Akauliza panga la kupogolea lilikuwa la nani. Lilikuwa la Mujuni. Kahangwa aliliazima siku ile lake lilipovunjika mpini, na alikuwa na haraka, hakulipitisha motoni. Mtoto mdogo wa Buganguzi anajua kwamba panga la kibanja cha mwenzako hulipeleki kwenye migomba yako bila kulipitisha motoni. Kahangwa alijua pia. Tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani.

"Wametuandika kwenye unga," Klaudia alisema.

"Chukua."

"Mbele ya kanisa zima. Halafu tutoe shukrani."

"Chukua unga, shukrani utoe wewe. Mimi sina cha kushukuru." Alirusha kijiti kwenye visiki. "Nimshukuru Mungu kwa hivi?"

"Wamenitoa kwa Ma Penina."

"Hilo nalo ni la kulilia? Kikongwe hajawahi kukwambia wakola, asante tu, hata siku moja. Umepungukiwa mzigo, wewe unatafuta mwingine."

"Ta Kahangwa, migomba imekwenda, sawa," Klaudia alisema. "Kuku wamekwenda. Kitu kilichobaki ambacho ni changu, nilichokifanya mwenyewe kila wiki bila kuambiwa na mtu, ni Jumanne. Wakiichukua hiyo, nitabaki kama hivi visiki vyako. Siitoi."

"Utampelekea nini? Ugali hali."

"Ndizi."

"Za nani?"

Klaudia alimpita pale kizingitini. Aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa kitenge ambacho hakijakatwa bado, alichokuwa amekiweka kwa ajili ya Krismasi.

*

Sokoni Muleba kulikuwa karibu zaidi, lakini Muleba angekutana na watu. Mke wa mtu wa Buganguzi ananunua mkungu wa ndizi! Wangeimba mpaka Pasaka. Kwa hiyo Jumatatu, baada ya kukiuza kitenge kwa hasara, alipanda gari mpaka Bukoba mjini, ambako hajulikani, akaenda moja kwa moja kwa mwanamke mmoja aliyekaa katikati ya mikungu kama yuko kibanjani kwake.

Mwanamke huyo aliitwa Mastura. Alimtazama Klaudia akibonyeza ndizi kwa kidole gumba, akigeuza mkungu na kunusa kikonyo chake kilipokatwa.

"Wewe si mtu wa mjini," alisema. "Wa mjini hawajui kunusa hapo. Unatoka wapi?"

"Kemondo," Klaudia alidanganya.

"Hee! Kwetu huko. Nyumba gani?"

Klaudia alitafuta jina la nyumba yoyote ya Kemondo, hakulipata. Uso ulimwaka moto. Uongo haukuwa kazi yake, na alipoona umemshinda, aliutema.

"Natoka Buganguzi. Naona aibu."

Mastura hakucheka. Alivuta kigoda akampa. Klaudia alisimulia yote, mnyauko na panga na ukurasa wa pili, na alishangaa mwenyewe jinsi alivyokuwa anapandisha sauti, mpaka muuza nyanya wa pembeni akageuka.

"Kwa hiyo hao wenzako wanakukataza kumhudumia mgonjwa kwa sababu wewe ni maskini," Mastura alisema.

"Wanasema wananipumzisha."

"Hm! Baba yangu mzee Awadhi alipumzishwa hivyo hivyo. Alikuwa anafagia msikiti. Walivyoona mgongo umepinda wakamwambia mzee kaa, tutakuletea futari. Alikaa. Hakumaliza mwaka." Aliuvuta mkungu mkubwa uliokuwa nyuma yake. "Chukua huu. Nilipe bei ya ule mdogo. Na usinishukuru, nakuona umejaa shukrani za kulazimishwa mpaka kooni."

Klaudia alicheka. Alikuwa hajacheka tangu Aprili.

*

Jumanne alifika kwa Ma Penina mapema, kabla Alistidia hajawasha hata moto kwake. Alipiga goti, akamsalimia Kihaya, akaenda jikoni kumenya. Alipika ndizi na maharage, akazifunika kwa jani mpaka zikalainika, akampelekea kitandani zikiwa bado zinatoa mvuke.

Ma Penina alikuwa na miaka themanini na kitu. Miguu yake ilikataa kazi miaka minne iliyopita, na watoto wake watatu walikuwa wamelala nyuma ya nyumba, chini ya misalaba mitatu ya saruji. Aliweka tonge mdomoni. Alilizungusha.

"Hizi za wapi?"

"Za Bukoba, Ma. Sokoni."

"Zimelala kwenye lori. Hazina utamu." Aliisogeza sahani.

Kitenge cha Krismasi. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, aibu ya Kemondo. Klaudia alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni.

"Ma Penina, unajua nimezitoa wapi hizo?"

"Umesema Bukoba."

"Unajua nimeuza nini?"

"Mimi sikukutuma uuze."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimkera kuliko tusi. Alikusanya kikapu chake. Kumbe Kahangwa yuko sahihi, alijiambia, kumbe wote wako sahihi, nimng'ang'anie huyu kwa lipi? Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia sauti ndogo nyuma yake, si ya ukali tena.

"Na maji je?"

"Maji gani?"

"Leo si Jumanne?"

Klaudia aligeuka. Alirudi hadi kitandani, akafunua shuka, na hapo ndipo harufu ilipomfikia, ile ambayo mvuke wa ndizi ulikuwa umeificha. Shuka lilikuwa lile lile alilolitandika yeye Jumanne iliyopita.

"Siku zote hizi hakuna aliyekuogesha?"

"Nani aniogeshe? Wanafika, wanasema Tumsifu Yesu Kristo, wanaweka sufuria pale mlangoni, wana haraka. Ebitoke ninavyo siku sita. Maji ninayo siku moja. Juzi Dativa akaniambia umetolewa. Nikasema basi, nitaoza."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba mimi, mama wa watu, naharibu shuka?" Macho ya kikongwe yalikuwa makavu na makali. "Wewe hukuniuliza. Uliona, ukaenda kuteka maji. Mtu anaombaje jambo hilo?"

Klaudia alitua kikapu. Alichemsha maji, akamvua, akamgeuza kwa shida ubavu mmoja, kisha wa pili. Nyonga ya kushoto ilikuwa na kidonda kilichokaribia ukubwa wa kizibo cha soda. Alikiosha kwa maji ya chumvi taratibu huku Ma Penina akimtukana kwa Kihaya cha zamani, matusi ambayo Klaudia mengine hakuyajua. Alimsugua mgongo. Alimkata kucha. Alifua shuka, akalianika kwenye ua.

Miezi mitano mikono yake ilikuwa haina kazi ila kung'oa na kuchoma. Sasa ilikuwa inanuka sabuni, na mwili uliokuwa chini yake ulikuwa unalegea polepole, unakuwa mwepesi, kwa sababu yake yeye. Alijisikia kushukuru. Lilimjia bila kuitwa, naye aliyekuwa ameapa wiki nzima kwamba neno hilo halitamtoka. Hakushukuru kwa sababu ya unga, wala kwa kuwa na jumuiya. Alishukuru kwamba kuna mtu anayejua siku kwa kumhesabu yeye.

Alikaa chini, akatoa kwenye kikapu ugali wa jana uliofungwa kwenye jani, akaanza kula.

"Unakula nini?" Ma Penina aliuliza.

"Ugali wangu."

"Na hizo ndizi je?"

"Hizo ni zako."

Kikongwe alimtazama anavyotafuna. "Mbona siku zile uliniletea huo ukaniachia, wewe hukula?"

"Ulikuwa kidogo, Ma. Niliokuachia ndio uliokuwa wangu. Nyumbani nilimwachia Kahangwa wake."

Ma Penina aliutazama ugali mkononi mwa Klaudia.

"Mimi nilidhani unanipa kitu ambacho wewe mwenyewe kimekushinda," alisema. "Nikasema, hata kama siinuki kitandani, sijafika hapo. Lete hapa."

"Ma, hutaupenda."

"Nimesema nitaupenda? Lete."

Hivyo ndivyo Alistidia alivyowakuta, saa saba, akiwa na sufuria yake ya ndizi mkononi: Ma Penina ameegemea ukuta, kang'aa, anatafuna ugali baridi uso ukiwa umekunjamana kama anakunywa dawa, na Klaudia sakafuni anakula ndizi za Bukoba kwenye sahani hiyo hiyo.

"Ma Penina! Unakula ugali?"

"Nakula na mgeni wangu. Wewe kwangu ulishawahi kukaa?"

Alistidia alibaki amesimama. Aliona shuka uani, aliona beseni, aliona kucha zilizokatwa kwenye kipande cha gazeti. Hakuwa mjinga.

"Sisi hatukujua," alisema.

"Ukiishia mlangoni huoni kitandani," alisema Ma Penina, akaomba maji ya kusukumia.

Walipotoka uani, Klaudia alimuuliza kuhusu orodha. Alistidia alisugua paji la uso. Orodha ilikuwa imeshafika kwa katekista, alisema, ina muhuri wa kigango, haiwezekani kuibadilisha mpaka robo ijayo.

"Basi ibaki na muhuri wake," alisema Klaudia. "Mimi Jumanne nitakuwa hapa."

*

Jumapili Kahangwa alimsindikiza mpaka uwanja wa kanisa, akakataa kuvuka mlango. Alisimama nje, dirishani, mikono mfukoni, kama mtu anayesubiri gari.

Baada ya matangazo, katekista Julius alisoma ukurasa wa pili, wote, bila kuruka. Mfuko wa unga ulikuwa umewekwa mbele, chini ya altare. Klaudia alitoka kwenye benchi. Njia ya katikati haikuwahi kuwa ndefu vile, hata siku ya harusi yake. Alisikia mtu ananong'ona habari za Kimwani.

"Familia itoe neno la shukrani," Julius alisema. "Kwa kifupi, mama."

"Nashukuru kwa unga," Klaudia alisema. "Tutaula. Njaa tunayo, sitajifanya." Alilitazama benchi la akina mama. "Lakini jumuiya yangu imeniandika kwenye karatasi ya kupokea, ikanifuta kwenye karatasi ya kutoa. Na mimi nasema hapa, mbele ya hiyo altare: sikubali. Unga niongezeeni, mkitaka. Jumanne hamnichukulii. Ma Penina ananipokea, na mimi ninamshukuru yeye kuliko ninavyoushukuru huu mfuko. Anayetaka kunipumzisha, achukue Jumatano. Au Alhamisi. Siku hizo kuna chakula lakini hakuna maji."

"Mama, inatosha," alisema katekista.

"Nimemaliza. Tumsifu Yesu Kristo."

Wachache waliitikia milele amina, kwa mazoea, wengine wakasahau. Kwenye benchi la akina mama Alistidia aliinamisha kichwa, kisha akakiinua, akaitikia kwa sauti kubwa, peke yake, akiwa amechelewa.

Klaudia aliinama kuubeba mfuko. Kilo ishirini na tano. Aliona viatu vya matope pembeni yake. Kahangwa alikuwa ameingia. Hakupiga ishara ya msalaba, hakumtazama katekista, aliutia mfuko begani akatangulia kutoka.

Njiani hawakuzungumza mpaka walipofika kwenye mti wa kahawa wa kwanza.

"Ma Penina unamgeuzaje peke yako?" Kahangwa aliuliza.

"Kwa shida. Kitanda kiko chini mno. Mgongo unanikatika."

Kahangwa aliubadilisha mfuko bega. "Nina mbao za lile banda la kuku," alisema.

*

Jumanne Klaudia aliteka maji, Kahangwa akagonga misumari. Aliinua kitanda kwa matendegu mapya huku Ma Penina, aliyewekwa mkekani kwa muda, akimwambia kila msumari kwamba umepinda. Dativa alipita na kidumu cha maji kichwani. Alisema si zamu yake, alikuwa anapita tu, akakiacha jikoni.

Kikongwe alipokwisha kuoshwa na kurudishwa juu, ugali wa unga wa kanisa ulitengwa, na maharage, na sahani moja.

"Mwanaume yupo, aombee chakula," Ma Penina aliamuru.

Klaudia alimtazama mumewe. Alijua angekataa. Alikuwa ameshafungua mdomo kuanza yeye, Kahangwa alipoweka nyundo chini.

"Bwana," alisema, macho wazi, akitazama dirishani upande ambao kibanja cha bibi huyu nacho kilikuwa visiki vitupu. Alifuta vumbi la mbao mikononi. "Bwana, habari ya migomba, mimi na wewe hatujamaliza. Sikushukuru kwa hilo na usinisubiri. Lakini kwa mama huyu ambaye bado anatutukana, na kwa kitanda hiki kwamba kimesimama, na kwa mke wangu, na kwa huu ugali. Kwa hayo, asante. Amina."

"Amina," alisema Ma Penina. Alimega tonge, akalitazama kwa chuki. "Mara nyingine leteni na dagaa."

"Wakola, Ma," alisema Klaudia, akafuta machozi, akala.